Mtoto wangu ana mtindio wa ubongo na baba yake ametutelekeza: je, zaka ni halali kwangu?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mama wa hapa Ujiji. Mwanangu ana miaka tisa, ana mtindio wa ubongo na kifafa, hatembei wala hasemi, nambeba mwenyewe. Baba yake ni mvuvi. Alihamia kambi ya kusini mwa ziwa, akaoa huko, na mwaka wa pili huu haleti kitu. Hajanitaliki, na sehemu yake katika mtumbwi wa baba yake bado ipo. Nilikuwa nauza mawese na dagaa Kibirizi, sasa siwezi kumwacha mtoto. Nilipokwenda msikitini kuomba zaka niliambiwa mwenye mume hapewi. Halafu ustadhi mmoja alisema kwenye muhadhara kwamba mtoto wa aina hii ni malipo ya dhambi za wazazi wake, akasoma na aya. Tangu siku hiyo mama mkwe anamwita mwanangu mkosi. Je, ni kweli? Zaka siifai? Na swala zangu zina hukumu gani, maana nguo zangu hazikauki mkojo?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mama, nimeona nisikujibu faraghani. Uliyoambiwa yalisemwa kwa kipaza sauti mbele ya wazazi wengine wenye watoto kama wako, basi na jibu lake lisikike.

Aya aliyoisoma ustadhi ni ya 30 katika Suratush-Shura, kwamba misiba inayotupata ni kwa yale iliyoyachuma mikono yetu, na Mwenyezi Mungu anasamehe mengi. Aya ni haki. Batili ni kuichukua na kumbandika nayo mtu mmoja aliyekaa mbele yako. Nani alimwonyesha ustadhi kwamba msiba huu, wa mama huyu, umetokana na dhambi ile? Hiyo ni ghaibu, na Suratul-Israa inatukataza kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo. Ikiwa kila maradhi ni adhabu, atuambie Nabii Ayubu aliadhibiwa kwa lipi, na Nabii Yaakub ambaye Suratu Yusuf inasema macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa ni watu gani wanaopata mitihani mizito zaidi. Akajibu: Manabii, kisha wanaowafuatia kwa ubora. Kwa mizani ya ustadhi, Manabii ndio wangekuwa wenye dhambi kuliko sote. Audhubillah.

Halafu yupo mtoto mwenyewe, ambaye katika muhadhara ule hakutajwa kama mtu, alitajwa kama bakora ya kumchapia mama yake. Tuseme mama ana dhambi, na ni nani asiyekuwa nazo? Mtoto amekosa nini? Suratul-An'am aya ya 164 inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Anayedai kwamba Mola alimlemaza kiumbe asiye na kosa ili amkomoe mzazi, amemsingizia Mola dhuluma, na hilo ni zito kuliko dhambi zote anazozituhumu kwa wazazi.

Tazama sunna ilivyokuwa. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Abbas habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa. Alimjia Mtume akasema: ninaanguka na ninafunuka, niombee. Mtume akampa hiari, asubiri apate Pepo au amwombee apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba aombewe asifunuke, na Mtume akamwombea. Hakumuuliza umefanya nini wala baba yako alifanya nini. Alimpa habari njema na akamlindia sitara yake. Na Ibn Ummi Maktum, kipofu, ndiye ambaye mwanzo wa Suratu Abasa uliteremshwa kwa ajili yake, kisha akawa mwadhini, na Mtume aliposafiri alimwachia Madina aiangalie. Huyo alikuwa mkosi wa nani?

Madaktari nao wanaeleza: ubongo wa mtoto unaweza kuumia tumboni, au wakati wa uchungu uliochukua muda mrefu akakosa hewa, au baada ya kuzaliwa kwa manjano makali, malaria kali, homa ya uti wa mgongo. Sisi tunaamini sababu na tunamwamini Aliyeziumba.

Nimeikalia hoja hii kwa sababu maneno ya aina hiyo hayaishii kwenye jukwaa. Baba anapata udhuru wa kukimbia. Jirani anapata sababu ya kumkataza mwanawe asicheze na wako. Na huku kwetu magharibi ya nchi, ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za ushirikina zinazokulia palepale penye neno mkosi. Anayesimama juu ya mimbari akampa neno hilo dalili ya dini aogope atakachoulizwa.

Sasa zaka. Aliyekwambia mwenye mume hapewi ameshika nusu ya hukumu. Wanavyuoni walisema mke anayetoshelezwa na mumewe hapewi zaka kwa sababu ameshatoshelezwa. Sababu ni kutosheka, haikuwa kule kuwa na jina la mume. Mume akitoweka bila kuacha nafaka, yaani matumizi ya lazima ya mke na watoto, na mke hana njia ya kuipata, huyo ni fakiri kama mafakiri wengine, na hivi ndivyo inavyofundishwa katika fikihi (sheria ya dini) ya madhehebu ya Kishafii tunayosoma hapa tangu chuoni. Na mwanao ni fakiri kwa nafsi yake. Anaingia katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba, inayotaja wanaostahiki zaka, kwa mguu wake mwenyewe, ingawa hatembei.

Kwa hiyo zaka ni halali kwako na kwake. Ukipewa, pokea bila kuinamisha uso, maana ni haki ambayo Mungu ameiweka katika mali ya wengine. Kama una kaka mwenye uwezo, mwambie anaweza kukupa wewe dada yake zaka yake, kwani kwa Mashafii nafaka yako haimlazimu yeye. Mtume amesema sadaka kwa maskini ni sadaka, na kwa jamaa ni mbili, sadaka na kuunga udugu. Wako watu wanatuma zaka zao mbali ilhali dada zao wanalala na njaa.

Kamati za zaka nazo nina neno nazo. Mtindo wa kugawa mia mbili na mia tano siku ya Ijumaa mlangoni, kila mtu aondoke na sarafu, hauondoi ufakiri wa mtu yeyote. Sayyidna Umar alisema mkitoa, toshelezeni. Mashafii wakaeleza: fundi anunuliwe vifaa vya kazi yake, mfanyabiashara apewe mtaji, asiyeweza kazi apewe cha kumtosha. Kwa mtoto huyu kutoshelezwa maana yake ni kiti mwendo, dawa za kifafa zisizokatika, na ujira wa msichana au mama mtu mzima wa kukaa naye mama anapokwenda Kibirizi. Asije mtu akaniambia ujira wa msaidizi ni anasa. Wanahistoria wamemwandikia Khalifa Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala 705 hadi 715, kwamba aliwapa posho wenye ukoma akawakataza kuombaomba, na akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu wa kumwongoza. Na kabla yake Umar bin Khattab alimkuta mzee Myahudi kipofu akiomba, akamchukua hadi nyumbani kwake, kisha akamwamuru mtunza hazina amtazame yeye na walio mfano wake. Hao walielewa kwamba mwenye ulemavu na anayemlea ni jukumu la umma mzima. Zaka isipotosha, kuwaondolea dhiki ni fardhi kifaya. Asipofanya yeyote, mtaa mzima wenye uwezo una dhambi.

Mkoa wa jirani, Tabora, shule ya viziwi ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Ninawashukuru kwa hilo, na watoto wetu Waislamu wamenufaika nalo. Lakini sisi tunaojivunia kwamba Uislamu wa Ujiji na Tabora ni wa zamani, tumejenga minara mingapi, na vituo vya watoto hawa vingapi?

Mama, haki zako nyingine usiziache zilale. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mtoto aandikishwe, na uulize kuhusu mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Hospitali ya Maweni ulizia kliniki ya kifafa na mazoezi ya viungo. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, basi anayekutisha kwa hoja ya riba hajaulizia. Ukipata kikundi cha wanawake wa kuaminika, mtaji wa mawese unaweza kurudi kwa njia hiyo.

Kuhusu swala sitarefusha. Tenga nguo moja ya kuswalia, isikae mwilini ukimbeba mtoto. Wanavyuoni wa Kimaliki wamemsamehe mnyonyeshaji najisi ya mtoto inayomshika ilhali anajitahidi kujikinga, na Mahanbali wamemruhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, anapopata tabu ya kufua kwa kila swala. Tabu yako ni hiyo hiyo au zaidi, na hakuna ubaya kuifuata rukhsa hiyo. Mtoto hana swala, kalamu imeinuliwa kwake.

Linabaki la mume. Mtume amesema yamtosha mtu kuwa dhambi kuwapoteza anaowajibika kuwalisha. Kwa Mashafii, mtoto fakiri mwenye maradhi ya kudumu nafaka yake haikomi kwa kubaleghe, basi baba huyu asijidanganye kwamba akijificha miaka michache deni litakwisha. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamwajibisha na inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu.

Umesema sehemu yake katika mtumbwi ipo kwa baba yake. Hind bint Utba alimlalamikia Mtume kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili, akamwambia: chukua katika mali yake kinachokutosha wewe na mwanao, kwa wema. Una haki katika mgawo ule. Ila usiende kuchukua kimyakimya ukaitwa mwizi. Iandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa na wazee wawili, kiasi gani kila mwezi. Na babu ajue kwamba mwanawe akifa au akishindwa, nafaka ya mjukuu inapanda kwake yeye, na hawezi kuilipa kwa zaka yake, kwa sababu mtu halipi deni lake kwa zaka. Mama mkwe anayemwita mtoto mkosi anakula samaki wa mtumbwi ambao ndani yake mna haki ya mtoto huyo.

Mbalamwezi ijayo, taa zikizimwa ziwani na wavuvi wakiwa nyumbani wanapiga hesabu za mgawo, nitakuja kwa babu wa mtoto pamoja na imamu wa msikiti wako. Wewe njoo na kadi ya kliniki ya mtoto na orodha ya matumizi yake ya mwezi, dawa, sabuni, chakula. Akikataa mbele yetu, tutakwenda pamoja kwa afisa ustawi wa jamii na ofisi ya kadhi wa BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania).

Wallahu aalam.