Uzito wa kuzaliwa usiuache kwenye kadi

Juzi usiku dada mmoja wa Tandika kaniandikia. Mwanawe alizaliwa na kilo 1.9, sasa ana miaka mitatu, kanona, "kwa hiyo yameisha, eti Mama Nasri?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nami niliamini hivyo hivyo.

Nasri wangu ni njiti, wiki ya 32, kilo 1.6. Nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Alipovuka kilo mbili na nusu nilipiga vigelegele, nikajua nimemaliza. Siku tunaruhusiwa, hakuna aliyenitajia figo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Masika ya mwaka jana, ana miaka tisa, akaharisha na kutapika siku mbili, na homa juu. Nikakimbilia duka la dawa hapa Mbagala, nikapewa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na homa, nikampa kwa mkono wangu. Siku ya tatu mkojo hautoki, uso umevimba. Hospitali wakapima kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huitoa, iko juu. Daktari akauliza: "Mama, huyu alizaliwa na kilo ngapi?" Miaka tisa, ndiyo mara ya kwanza naulizwa.

Akanieleza. Kila figo ina vichujio vidogo sana, wastani kama milioni moja. Vingi huumbwa miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na mtu mzima haoti vipya. Mtoto aliyezaliwa mdogo mara nyingi ana vichache, navyo hufanya kazi kupita kiasi. Siku za afya huoni kitu. Maji yakipungua mwilini, halafu ukaongeza dawa kama diklofenaki, inayobana damu isifike vizuri kwenye figo, mtoto huyo hana akiba ya vichujio.

Si kila njiti ataugua figo. Lakini wewe mama usisubiri kuulizwa: kila ukifika kwa daktari, taja kilo zake za kuzaliwa. Akiharisha, maji ya ORS (yale ya pakiti ya chumvi na sukari) mapema, na diklofenaki au ibuprofeni usimpe bila daktari. Mpimishe presha kila mwaka hata akiwa anacheza mpira. Na kilo zitaje, jamani, zitaje.

Nasri alilazwa siku kumi na moja, figo zikarudi. Presha yake tunaifuatilia.

Yule dada nimemjibu alfajiri: tafuta kadi ya kliniki, ipige picha kabla mvua haijaingia ndani. Ya Nasri ninayo kwenye simu.