Kabla hujafungua majalada ya mahakama ya Samoa

Anayeanza kusoma kesi za ardhi za Samoa, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, aanzie mwaka 1889. Mwaka huo Ujerumani, Uingereza na Marekani zilitia saini Mkataba wa Berlin, ulioipa Samoa Mahakama Kuu pamoja na tume ya kuchunguza ardhi iliyodaiwa na wageni. Madai yalipojumlishwa yalikaribia ekari milioni 1.7, yaani zaidi ya mara mbili ya ukubwa wa visiwa vyote. Hadi tume inamaliza kazi mwaka 1894, karibu asilimia 8 tu ndiyo iliyokubaliwa.

Iweke hesabu hiyo kichwani. Hati nyingi utakazozishika, zenye saini na mashahidi, zilikataliwa na watu waliozisoma wino ukiwa haujazeeka. Kuna ardhi iliyouzwa mara mbili kwa watu tofauti, na kuna iliyotolewa wakati wa vita vya 1869 hadi 1873, watu walipokuwa wanatafuta bunduki. Hati inakuonyesha kwamba fulani alidai. Kama aliyemuuzia alikuwa na haki ya kuuza, hilo litafute kwingine.

Kwingine penyewe ni kwenye neno pule. Ardhi ya Samoa imefungamana na cheo cha matai, mkuu wa ukoo, na pule ndiyo mamlaka yake juu ya ardhi hiyo. Wakalimani waliligeuza neno hili kuwa "umiliki", kisha karani akaandika, kisha hakimu akahukumu kwa kilichoandikwa. Ukikutana na "mmiliki" katika tafsiri, rudi kwenye maneno ya Kisamoa ya shahidi, kama yalihifadhiwa. Mimi nilichelewa kulijua hili, nikalazimika kusoma upya majalada ya miezi mingi.

Majina nayo yana mtego. Mata'afa, Malietoa na Tamasese ni vyeo vinavyorithiwa. Mata'afa Iosefo alifariki mwaka 1912, lakini jina Mata'afa linaendelea kutokea kwenye nyaraka, na kufikia uhuru lilikuwa la mwingine: waziri mkuu wa kwanza, Fiame Mata'afa Faumuina Mulinu'u II. Wakati naanza niliwaunganisha watu wawili wa cheo kimoja nikawafanya shahidi mmoja aliyejipinga mwenyewe. Siku hizi kila jina naliandikia mwaka, kijiji na ukoo kabla sijaendelea. Kumbuka pia kwamba herufi g ya Kisamoa hutamkwa kama ng' yetu, ndiyo maana bandari ya Pago Pago utaikuta imeandikwa Pango Pango kwenye karatasi za zamani. Kwenye fahirisi tafuta kwa tahajia zote.

Lugha ya majalada, Kijerumani au Kiingereza, inategemea mwaka. Ujerumani ilitwaa visiwa vya Upolu na Savai'i tarehe 1 Machi 1900. Mwaka 1903, chini ya Gavana Wilhelm Solf, ikaundwa tume ya ardhi na vyeo, chimbuko la mahakama ambayo hadi leo inasikiliza kesi hizo Mulinu'u, Apia, mji mkuu wa Samoa. New Zealand iliingia tarehe 29 Agosti 1914 na ikatawala hadi uhuru wa 1 Januari 1962. Ugomvi mmoja wa ukoo unaweza kupita tawala hizo zote, kwa hiyo usiukate pale utawala ulipobadilika.

Kwa mwandiko wa Kijerumani wa zamani, uitwao Kurrent, sisi tuna pa kujifunzia. Nyaraka za Wajerumani zilizoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mwandiko huohuo, ambamo e hufanana na n. Hata maofisa wengine ni walewale: Heinrich Schnee alifanya kazi Samoa kabla ya kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1912. Huku waliandika Schauri, neno letu, walipokaa kusikiliza kesi; kule Samoa neno fono, yaani baraza, wakaliacha kama lilivyo. Maneno waliyoshindwa kuyageuza yaorodheshe. Mimi yamenifunza mengi kuliko hukumu zenyewe. Majalada ya wizara ya makoloni yako Berlin, mengine ya utawala yako Apia na Wellington. Panga nauli yako ukilijua hilo.

Jambo la mwisho linahusu gafa, yaani nasaba. Mashahidi walizitaja mahakamani ili kushinda kesi, na kila upande ulikuwa na yake. Koo hizo zipo, na ardhi ya kimila, ambayo katiba inakataza isiuzwe, bado ndiyo sehemu kubwa ya nchi. Ukichapisha nasaba ya upande mmoja, unampa mtu silaha katika kesi ambayo huenda inasikilizwa wiki hii. Gafa nilizonakili nimeziweka kwenye daftari la peke yake, na hazichapwi mpaka nizungumze na wazee wa pande zote mbili.