Fulana za kumbukumbu ya Katesh: tuandike nini?

Swali: Shangazi, shikamoo. Sisi ni kikundi cha watu 60 wenye asili ya Hanang tunaoishi Arusha. Tarehe 3 Desemba tunataka kwenda Katesh kuwakumbuka waliofariki kwenye maporomoko ya mwaka 2023, tukiwa na fulana maalumu. Rangi imepitishwa kahawia, ya udongo. Mbele picha ya nyumba zilizofukiwa, mgongoni idadi ya marehemu, 89. Nyingine tutawagawia waathirika, nyingine tutaziuza 15,000 kuchangia. Wenzangu wanasema nawachelewesha, ila moyo wangu unasita.
Mweka hazina, Arusha

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wacha usite.

Jumapili ile asubuhi ubavu wa mlima Hanang ulioshiba mvua ulimeguka, tope likashuka na mawe na magogo mpaka mjini Katesh na kijijini Gendabi. Mtu aliyemfukua mdogo wake kwenye tope hilo, leo mmwendee 60 mmevaa rangi yake? Chukueni kijani. Mlima ukiwa mzima ni wa kijani.

Kuhusu picha, kosa hilo nililifanya mwenyewe. Nashona na kuchapa sare miaka mingi sasa. Baada ya mafuriko fulani Dar es Salaam niliwachapia vijana fulana zenye picha waliyoitoa kwenye simu: bati limekunjika, ndoo ya bluu pembeni. Tulipofika kugawa misaada, mama mmoja akamsogelea kijana wetu, akaweka kidole kwenye ile ndoo kifuani. "Hii yangu." Basi. Mchele akapokea, fulana akairudisha. Tangu siku hiyo sichapi nyumba ya mtu iliyobomoka, hata nilipwe mara mbili.

Na 89 iacheni kwenye magazeti. Aliyefiwa hesabu yake anaijua, na wake wana majina.

Jifunzeni kwenye kanga. Jina la kanga husema na mtu, halitoi taarifa. Mimi ningeandika: MLIMA NI WETU, MSIBA NI WETU. Ninyi mnaweza kusema hivyo kwa kuwa mmezaliwa pale. Rafiki wa Arusha atakayenunua kuwaunga mkono mchapieni KATESH, TUPO PAMOJA, asijitwalie msiba usio wake.

Waathirika msiwavishe sare. Wale ndio wenyeji wenu siku hiyo. Wapelekeeni akina mama doti za kanga za dukani, maana kiwanda hakitawachapia doti chache hizo. Ila someni jina kabla ya kulipa! Nimewahi kuona mtu kabeba kanga ya mipasho msibani, eti kapenda maua.

Fedha ni kazi yako. Kama kitambaa na uchapaji vinakula 9,000, tangaza kabla ya kuuza kwamba 6,000 ndizo zinazokwenda Katesh, na daftari usafiri nalo.

Jambo la mwisho, agizeni saizi moja zaidi ya mnayovaa. Asubuhi ya Katesh ina baridi, mtavaa masweta, na fulana ikikaa ndani ya sweta hakuna atakayesoma kitu.