Nimekula fedha za kwaya na nimetubu mara nne: je, neema imeniishia?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mhazini wa kwaya. Tangu mwaka jana nimekuwa nikichukua fedha za sare na kwenda kubeti. Jumla ni shilingi 340,000, na 120,000 nimezirudisha kimyakimya. Nimetubu mara nne, mara ya mwisho kwa mfungo wa siku tatu, kisha nikarudia. Mhubiri mmoja alisoma Waebrania 10:26, nikaona natajwa mimi. Je, neema imeniishia? Na kama Mungu amenisamehe, kuna haja gani ya kuwaambia watu? Tangu Pasaka sijasogelea Meza ya Bwana.

JIBU: Asifiwe, ndugu yangu. Nianze na andiko lililokutisha. Linasema, “kama tukifanya dhambi kusudi baada ya kuupokea ujuzi wa ile kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi.” Ukiishia hapo hakuna Mkristo atakayepona, maana dhambi zetu nyingi tunazifanya macho yakiwa wazi. Rudi mstari mmoja nyuma: wapo watu waliozoea kuacha kukusanyika. Kisha shuka hadi mstari wa 29, mwandishi anaitaja dhambi yenyewe: kumkanyaga Mwana wa Mungu, kuihesabu damu ya agano kuwa kitu ovyo, kumfanyia jeuri Roho wa neema. Huyo ni mtu aliyeipa dhabihu kisogo, na kwa kuwa dhabihu ni moja tu, akiikataa hiyo hana nyingine. Wewe unaulizia njia ya kurudi. Aliyemkanyaga Mwana wa Mungu haulizi.

Kanisa lilishakabiliwa na swali hili katika jambo zito kuliko lako. Mwaka 250 Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu wa dola yake watoe dhabihu kwa miungu na kupewa hati ya uthibitisho. Wakristo wengi walitoa. Wengine walinunua hati bila kutoa. Mateso yalipopoa wakarudi wanalia. Huko Roma, kasisi Novatian alisema Kanisa halina uwezo wa kuwasamehe. Cyprian, askofu wa Karthago, Tunisia ya leo, alishikilia kwamba wapokewe, ila baada ya toba iliyopimwa. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, katika kanuni ya 8, uliwataka wafuasi wa Novatian waliotaka kurudi kanisani waahidi kwa maandishi kwamba watashirikiana na wale walioanguka kisha wakatubu. Wafuasi hao, waliojiita Safi, ndio waliotakiwa kuandika ahadi.

Basi, neema haijakuishia. Tatizo liko kwenye zile toba zako nne, na zote zina kasoro moja: umezifanyia mahali ambapo daftari la kwaya halipo. Mungu unamwambia, mwenyekiti wa kwaya humwambii. Wengi hujifunika kwa Zaburi 51:4, “Nimekutenda dhambi Wewe peke yako,” wakasahau kwamba Daudi alikwisha kusema “Nimemfanyia Bwana dhambi” mbele ya nabii Nathani, tena zaburi yenyewe ikakabidhiwa waimbaji. Toba ya Daudi haikuwa ya siri.

Torati iko wazi zaidi. Katika Mambo ya Walawi 6, aliyedhulumu alichokabidhiwa anarudisha chote, anaongeza sehemu ya tano, anampa mwenyewe, ndipo analeta sadaka ya hatia kwa kuhani. Angalia mpangilio huo, kwa sababu wengi wanaugeuza: wakishakula fedha za watu, wanaanza kutoa sadaka nono Jumapili. Yesu naye katika Mathayo 5:23-24 anamwambia mtu aiache sadaka mbele ya madhabahu, akapatane kwanza na ndugu yake.

Hapo utaniuliza: kumbe tunaokolewa kwa kulipa? Hasha. Msome Zakayo katika Luka 19. Mstari wa 5 Yesu anamwambia, “leo imenipasa kushinda nyumbani mwako.” Ahadi ya kurudisha mara nne inakuja mstari wa 8. Bwana alijialika kabla senti moja haijarudi. Tena mara nne hiyo ilikuwa kiwango cha Kutoka 22:1 kwa mwizi aliyekwisha kumchinja au kumwuza kondoo wa wenyewe. Kwa aliyeungama mwenyewe, sehemu ya tano ingetosha. Zakayo alijipangia kile kizito bila kushurutishwa. Neema humfanya mtu hivyo, kwa sababu hana tena cha kununua. Anayelipa ili asamehewe huhesabu kila shilingi na kutafuta punguzo.

Imani, katika jambo lako, ni kuuamini msamaha huo kiasi cha kuweza kufungua daftari mbele ya watu. Usingoje kwanza usikie amani moyoni, huenda ikachelewa.

Sasa hesabu. Sheria ya sehemu ya tano haimfungi Mkristo kama deni la torati, lakini ningekushauri uifuate, kwa sababu wanakwaya wamekaa bila sare muda wote huo. Sehemu ya tano ya 340,000 ni 68,000, jumla 408,000. Ukitoa 120,000 ulizorudisha, unabaki na 288,000. Kwa miezi sita ni 48,000 kila mwezi. Kama kipato chako hakifikii hapo, fanya miezi kumi na miwili kwa 24,000, mradi iandikwe na mtu mwingine apokee.

Nenda kwa watu wawili, mwenyekiti wa kwaya na mchungaji wa usharika wako, kabla ya wiki hii kuisha. Beba daftari, laini ya simu ya kwaya na namba yake ya siri, uvikabidhi papo hapo. Usiseme “kuna upungufu umejitokeza” wala “shetani alinipitia.” Katika Katekisimo Ndogo, Luther anamwelekeza anayeungama ajichunguze kama ameiba, amezembea au ameharibu. Sema: “Nimeiba shilingi 340,000, nikabeti.” Kisha nyamaza. Maelezo marefu hapo huwa ni utetezi. Wataamua wao kama wanakwaya wote waambiwe; kipimo ni kwamba ungamo lisizidi eneo la madhara. Fedha ni za kwaya, basi kwaya inaweza kuambiwa. Ushuhuda wa kipaza sauti mbele ya usharika mzima hauhitajiki. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulizaa tunda kubwa watu walipokuwa wakirudisha walivyoiba kwa wenyewe. Palipozidi hamu ya kusikia aibu za wengine, paliharibika. Kwa Wakatoliki, padri hufungwa na siri ya kitubio, lakini wajibu wa kurudisha mali uko palepale: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inautaja waziwazi.

Uhazini usiuombe tena. Wakikuondoa, hawajakunyima msamaha. Wanaondoa kuni karibu na moto.

Kuna mtego mmoja, na huenda ndio uliokurudisha mara zote nne: “Nipate mkeka mmoja tu, nirudishe zote, mambo yaishe.” Mkeka unachanika, deni linakua, aibu inakua, na aibu ndiyo inayotafuta mkeka mwingine. Katika Warumi 6:23, neno la Kiyunani lililofasiriwa “mshahara” wa dhambi ni lile la ujira wa askari. Paulo anaiona dhambi kama bwana mwenye jeshi anayelipa askari wake, na mwisho wa ujira huo ni mauti. Ushindi mdogo wa kubeti ni vijisenti vya kukuzuia usitoroke kambini. Kwa hiyo fungisha akaunti zako zote za kubeti, na fedha za marejesho zisipitie kwenye simu yako hata siku moja. Warumi 13:14 inakataza kuuangalia mwili “hata kuwasha tamaa zake.” Augustino alikutana na andiko hilo bustanini Milano mwaka 386, baada ya miaka ya kuomba apewe usafi wa mwili na kujizuia, ila si sasa hivi.

Na Meza ya Bwana? Katika 1 Wakorintho 11:27 neno “isivyostahili” linaeleza namna ya kula, halimpimi mlaji. Kosa la Wakorintho lilikuwa kwamba mmoja ana njaa na mwingine amelewa kwenye chakula kilekile. Mstari wa 28 hausemi mtu ajihoji kisha akae nje; unasema ajihoji, “na hivyo aule mkate.” Ukishaonana na hao wawili, hata kama umelipa awamu ya kwanza tu, Jumapili ya ushirika simama kwenye mstari pamoja na wanakwaya wenzako.