Umeme Ukikatika, Usiiulize Pua

Somo hili nililipata nikiwa na mwiko mkononi. Umeme ulikatika usiku tukiwa tumelala, na asubuhi nilipofungua friji nikakuta bakuli la kuku wa mchuzi aliyebaki. Nikanusa: hakuna harufu. Nikaonja kwa ncha ya ulimi: ladha ni ile ile. Nikamimina kwenye sufuria, nikachemsha mpaka mapovu yakapanda, nikajiambia hakuna kijidudu kitakachosalimika humo. Baada ya saa tatu hivi mwanangu alianza kutapika, akafuata mke wangu, kisha mimi. Sisi watu wazima tulijikongoja. Mtoto ndiye aliyenitia hofu. Alitapika mpaka hakuwa na cha kutoa, midomo imemkauka, macho yamezama. Tulimkimbiza hospitali, akaongezewa maji, na kwa rehema za Mungu akapona. Usiku ule niliokesha kando ya kitanda chake ndio unaonifanya niandike haya.

Nilikosea mara mbili. Niliiamini pua, kisha nikauamini moto.

Bakteria wanaochachisha maziwa na kuifanya nyama ivunde na kuteleza mara nyingi ni wengine kabisa. Wale wanaotulaza kitandani, kama Salmonella na Listeria, wanaweza kujaa kwenye chakula bila kubadili harufu, rangi wala ladha. Chakula kinachonuka kitupe, hilo halina mjadala. Kisichonuka bado hakijakuambia lolote. Na kuonja ili kujua ni kubaya zaidi, maana kidogo hicho unachoonja tayari umekila.

Kuhusu moto, nilikuwa sijui jambo moja tu, nalo ndilo lililotuponza: kuna bakteria wanaoacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi wenye afya wanaye puani na kwenye ngozi, ni mmoja wao. Chakula kikikosa baridi kwa muda wa kutosha anazaliana na kuacha sumu. Ukipasha moto unamuua yeye, sumu yake inabaki. Bacillus cereus, ambaye kwake ni kwenye wali, ana mbegu zinazovumilia hata kule kupikwa mara ya kwanza. Wali ukikaa bila baridi mbegu zinaamka, na sumu yake ya kutapisha nayo haivunjwi na jiko. Samaki kama jodari wakikosa baridi hujenga histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, ambayo pia moto hauimalizi. Sitajua kamwe ni yupi kati ya hao alikuwa kwenye bakuli letu, ila mapovu yale niliyoyaona yakipanda hayakuwa kinga dhidi ya sumu yake.

Basi ukiondoa pua na ulimi, kinachobaki ni saa na kipimajoto. Friji inatakiwa iwe na nyuzijoto 4 za Selsiasi au chini yake, na friza iwe 18 chini ya sifuri. Kati ya nyuzi 4 na 60 ndipo bakteria wanapostawi, na katika mazingira yanayowafaa wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Ukipiga hesabu, mmoja tu anaweza kuwa zaidi ya milioni 2 ndani ya saa 7. Ndiyo maana vyakula vinavyoharibika upesi, yaani nyama, kuku, samaki, maziwa na kila kilichopikwa, vikishavuka nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2 havifai tena. Siku ya joto kali, hewa ikizidi nyuzi 32, chakula kilichokaa nje kina saa 1 tu.

Friji iliyofungwa bila kufunguliwa hushikilia baridi kwa takribani saa 4. Friza iliyojaa hushikilia kama saa 48, na iliyojaa nusu kama saa 24. Tofauti hiyo inatokana na barafu yenyewe: barafu inapoyeyuka hunyonya joto jingi sana, na mpaka iishe yote, kilicho jirani yake hakipati nafasi ya kupata moto. Tangu nilipoelewa hilo, najaza mapengo ya friza kwa chupa za maji. Usizijaze mpaka shingoni, maji yakiganda hutanuka na chupa hupasuka.

Umeme ukikatika nyumbani kwangu, kitu cha kwanza ni kuandika saa kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa friji. Cha pili ni kutoufungua. Watoto wanataka maji baridi, mtu anataka kuangalia kama nyama bado ngumu; hapana. Kila unapofungua unatoa baridi ambayo huwezi kuirudisha.

Ugumu unakuja pale ambapo hujui umeme ulikatika saa ngapi. Hapo watu wengi huhesabu kuanzia walipogundua, kama nilivyofanya mimi asubuhi ile, na ni kujidanganya. Mimi sasa nahesabu tangu mara ya mwisho nilipouona umeme kwa macho yangu. Nikilala saa nne usiku taa zinawaka, nikaamka saa kumi na mbili gizani, nahesabu saa 8. Njia moja nzuri: kama simu ilikuwa kwenye chaji, fungua ukurasa wa betri, simu nyingi huonyesha chaji ilikoma saa ngapi.

Kuna hali nyingine ngumu kuliko hiyo, umeme kukatika na kurudi wewe hupo. Tuliwahi kurudi kutoka safari ya siku 5 tukakuta taa zinawaka, friza inanguruma, kila kitu kimeganda kama jiwe. Mke wangu alishatoa nyama apike. Nilipouinua ule mfuko nikaona chini yake damu imeganda bapa, nyembamba kama kioo, imefuata mistari ya rafu na kuning'inia ukingoni kama tone lililokatizwa njiani. Aiskrimu ilikuwa imelala upande mmoja wa kopo. Vipande vya barafu vya kwenye mfuko vilikuwa vimeungana na kuwa pande moja. Kila kitu kilikuwa kimeyeyuka na kuganda upya, na hapakuwa na namna ya kujua kilikaa hivyo saa 3 au siku 2. Tulitupa vyote.

Tangu hapo tuna kikombe cha maji yaliyoganda ndani ya friza, na juu ya barafu yake pamelazwa sarafu. Ukirudi ukaikuta juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta imezama chini kabisa, maji yote yaliyeyuka kisha yakaganda upya, na chakula nacho usikiamini. Lakini sarafu inasema habari za friza tu. Friji iliyo chini yake inaweza kuwa ilishapata joto muda mrefu sana kabla sarafu haijasogea, kwa hiyo usiitumie kuyahukumu maziwa.

Umeme ukirudi, nafungua nikiwa na kipimajoto. Hiki ni kifaa kidogo na sioni sababu ya nyumba yenye friji kukikosa. Friji ikisoma nyuzi 4 au chini, tunaendelea na maisha. Ikizidi, na saa 4 zimepita, natoa nyama, samaki, viporo, maziwa, mtindi, jibini laini, matunda yaliyokatwa na mboga zilizopikwa, bila kunusa hata kimoja. Vinavyobaki ni siagi, jibini gumu, matunda mazima, jamu, achari na michuzi ya siki. Mayai yana mjadala wake: Marekani huoshwa kabla ya kuuzwa na lazima yakae baridi, wakati nchi nyingi za Ulaya hazioshi na hukaa rafuni dukani. Mimi nafuata sheria moja, yai lililokuwa kwenye baridi likaikosa kwa zaidi ya saa 2 silitumii.

Kwenye friza napapasa kifurushi kimoja kimoja. Chenye chembe za barafu bado, au kinachosoma nyuzi 4 au chini, kinaweza kugandishwa tena. Ladha na ulaini vitapungua, usalama upo. Kilicholainika chote na kupata joto kinatoka. Na kama nyama mbichi iliyovuja maji yake ilimwagikia kitu kingine, hicho nacho kinatoka.

Ukiwa na mjamzito nyumbani, mtoto mchanga, mzee au mgonjwa, usibahatishe hata pale ambapo wewe mwenyewe ungebahatisha. Listeria anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni huku mama akijisikia mafua tu, na ni bakteria anayeendelea kukua, ingawa polepole, hata ndani ya friji inayofanya kazi vizuri. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga yaliyokwisha kuchanganywa yasizidi saa 2 nje ya baridi. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa karibuni huvumilia hadi saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Dawa ni habari nyingine kabisa. Insulini usiitupe kwa haraka, piga simu kwa mfamasia. Na usiilaze moja kwa moja juu ya barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika.

Najua kutupa kunauma. Mama yangu, anayeishi nasi, alikua kwenye njaa, na siku ile ya friza alisimama akaniangalia nikifunga mfuko wa taka bila kusema neno. Baadaye akaniambia, "Mwanangu, mimi siwezi kuona nyama inatupwa." Sikumbishia. Nilichoweza kufanya ni kupunguza kinachotupwa: tunanunua nyama ya siku chache, tunapika kinachotosha, na umeme ukikaribia saa 4 bila kurudi tunavihamishia vyakula vya friji kwenye kasha la baridi pamoja na zile chupa za barafu, au tunapika vyote na kuvila siku hiyo hiyo.

Juzi umeme ulikatika nikiwa kazini. Nilipofika nyumbani nikakuta karatasi mlangoni mwa friji kwa mwandiko wa Mama: "Saa nane na dakika kumi. Msifungue." Ulirudi saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 4. Mama akatoa sufuria ya maharage, akaiweka jikoni.