Usimwache Msomaji Kwenye Mataa: Nilivyomaliza Msimu Vibaya

Juzi dada mmoja kanitumia ujumbe: "Kaka, shikamoo. Simulizi yangu ya sayari imefika sehemu ya 40. Nimalizie vipi msimu wa kwanza ili watu walipie wa pili?" Nikacheka. Halafu cheko likakata, maana hapo ndipo mimi nilipoangukia pua.

Mwaka juzi nilikuwa na grupu la simulizi WhatsApp. Fundi wa minara ya simu, Mbeya, anaanza kupigiwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Sijisifu, ila ilikuwa ya moto. Nikiposti saa tatu usiku, saa tatu na dakika mbili grupu zima lina arosto. Sehemu ya 30, ya kufungia msimu, fundi yuko juu ya mnara, mvua inamchapa, simu inaita. Anafuta kioo kwa kidole gumba. Namba ya marehemu mama yake. Anapokea. ITAENDELEA MSIMU WA PILI, ELFU MBILI TU.

Watu 63 walilipa usiku uleule. Nililala nikijiona mfalme.

Tatizo ni kwamba sikujua mama atasema nini. Hata neno moja. Niliahidi wiki mbili, ikawa miezi mitano, na nilichokuja kuwapa naona haya hadi leo: fundi alikuwa anaota. Matusi niliyoporomoshewa nimeshayasahau. Nisichosahau ni sauti ya mama mmoja muuza vitumbua, mafuta yanasikika yakichemka nyuma yake: "Mwanangu, miezi mitano nawaza yule mama atamwambia nini mwanawe, kumbe ndoto?" Hakudai hela yake. Akatoka kwenye grupu.

Ili nisahau, nikaenda kwa kijana anayetuwekea muvi mtaani, nikamwambia anipe kitu cha zamani cha anga za mbali. Akanijazia *Star Trek: The Next Generation*, tamthilia ya Kimarekani ya mabaharia wa meli ya angani. Flashi yangu ya giga 16 ikaishia msimu wa tatu. Kumbukeni hilo.

Sehemu ya 26, ya mwisho wa msimu huo, ilirushwa Marekani Juni 1990. Borg, viumbe nusu mtu nusu mashine wanaofikiri kwa akili moja, wanamteka Kapteni Picard na kumgeuza msemaji wao, Locutus. Riker, msaidizi wake, ndiye anakaimu. Silaha iliyobaki ni moja, ya kubahatisha, inayorushwa kupitia dishi la mbele la meli. Locutus anatokea kwenye skrini, uso wa kapteni wao uleule, umepauka, una vyuma. Riker anamtazama, kisha anamwambia afisa wake wa silaha: piga. Muziki unapanda, skrini inakuwa nyeusi, itaendelea.

Na flashi imeisha! Asubuhi naenda dukani, kijana kafunga, kaenda msibani. Siku tatu nazunguka kama kuku aliyekosa banda. Wamarekani wenyewe walisubiri hadi Septemba.

Katika siku hizo tatu ndipo nilipoona kosa langu. Mwandishi wa sehemu ile, Michael Piller, naye hakuwa anajua itatatuliwaje. Hata kubaki kwenye tamthilia ile msimu wa nne hakuwa na uhakika. Sasa kwa nini yeye alipona na mimi nikazama? Kwa sababu ya Riker. Sehemu nzima inamhusu yeye: kapewa ukapteni wa meli nyingine kwa mara ya tatu, anasitasita, na yuko msichana mmoja mkali, Shelby, anayemwambia usoni kuwa anamzibia njia. Swali ni kama huyu mwanamume anaweza kutoka kwenye kivuli cha Picard. Akisema "piga", limejibiwa, tena kwa kumlenga Picard mwenyewe. Kilichobaki ni kama silaha itafanya kazi. Yaani mtazamaji kashalipwa nusu kabla ya kukopwa nusu.

Mimi nilikopa yote. Fundi wangu hakuamua kitu. Simu iliita, akapokea. Hata mbuzi angekuwa na mikono angepokea.

Jambo la pili, ambalo kwa kweli ni lilelile: usirudi nyuma. Msimu wa nne ulipoanza, Riker hakuamshwa usingizini. Silaha ilipigwa kweli, na haikufua dafu, kwa sababu alichokijua Picard sasa Borg wanakijua. Baadaye meli 39 za upande wa kina Riker zinateketea. Binafsi naona sehemu hii ya pili imepwaya ukiilinganisha na ya kwanza, hasa pale Borg wanapoamriwa kulala na mchezo unaisha. Lakini hawakumdanganya mtu aliyesubiri.

Jamani waandishi wenzangu, tumezidi. Tunadhani arosto ni kipaji. Arosto hata mtu unayemdai anaweza kukusababishia, akikwambia tu "nitakulipa kesho". Kabla hujaandika ITAENDELEA jiulize mtu wako ameamua nini. Kama hajaamua, hujamaliza. Na kama umeshachukua hela za watu, Mungu anakuona.

Msimu wangu wa pili nimeufuta, naanza upya. Safari hii fundi anaijua namba, anajua atakachokisikia kitamfanya ashuke mnarani na asipande tena, na anapokea. Maneno ya mama ninayo kwenye daftari, mistari minne, yameandikwa kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo dada, marahaba. Nitumie hiyo sehemu ya 40 peke yake. Hizo 39 nitazisoma nikipata bando.