Jibu: Amari ya mashua inayolala Mikindani

Ndugu yangu, umeuliza kama amari, yaani kamba ya nanga, iwe ya nailoni au ya ile plastiki inayoelea. Chukua nailoni, kwa sababu huzama na hunyumbuka wimbi linapovuta, hivyo nanga haing'oki kwa mshtuko. Ile nyingine huelea juu ikanaswa na rafadha ya injini, na jua huila upesi. Kati ya amari na nanga unga mita chache za mnyororo, ambao huilaza nanga iume mchanga na haukatwi na matumbawe kama kamba. Urefu wa amari uwe mara 5 hadi 7 ya kina cha maji, kikipimwa maji yakijaa wakati wa bamvua (siku za maji makubwa), maana hapa Mtwara hupanda zaidi ya mita 3. Tafadhali ikague pia: yangu niliikuta imechanika nyuzi pale inaposugua ukingo wa omo (sehemu ya mbele ya mashua), nikaizungushia kipande cha mpira.